Mkono Usiosahau



Nimekuja na kiberiti. Sitakiwasha, msimamizi wa ukumbi ameshanikazia macho. Nataka mkumbuke tu jinsi vidole vinavyochomoa njiti, vikaigeuza kichwa mbele, vikaikwaruza kwa nguvu inayotosha, nayo isivunjike. Hakuna anayevitazama vikifanya hivyo. Katika maabara ya Roland Johansson kule Umeå, Sweden, mwanamke mmoja alichomwa ganzi kwenye ncha za vidole, kisha akaombwa awashe njiti. Misuli yake ilikuwa mizima na macho yake yanaona. Lakini alihangaika na njiti ile kama mtoto mchanga anayejifunza kushika. Kilichokosekana ni habari zinazoletwa na vipokezi vya mguso, ambavyo katika kiganja na vidole vyake vinakadiriwa kuwa 17,000.

Hali hiyo ndiyo ya kila siku kwa mwenye mkono wa bandia. Kwa miongo mingi sasa tumeweza kutengeneza mkono unaofumba na kufumbua kwa kusoma umeme wa misuli iliyobaki kwenye kigutu. Amri inakwenda, jibu halirudi. Mwenye mkono huo hulazimika kuyatumikisha macho kazi ya vidole: akishika kikombe cha chai hawezi kumtazama mgeni anayezungumza naye. Si ajabu wengi huuvua wakauweka kabatini.

Sisi wahandisi tulidhani tatizo ni umeme. Weka kihisi kwenye kidole cha plastiki, peleka mkondo kwenye neva, basi. Dustin Tyler na wenzake wa Cleveland, Marekani, walifanya hivyo mwaka 2012: walizungushia neva za kigutu bangili ndogo zenye nukta za umeme, bila kuitoboa neva. Mgonjwa aliyekuwa amepoteza mkono kiwandani alihisi kitu, tena mahali palepale pa mkono usiokuwepo. Ila hakuhisi kuguswa. Alihisi kuchomachoma, kama mkono uliolaliwa usiku kucha.

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo. Mapigo yao ya umeme yalikuwa sawasawa, nguvu ileile, mwendo uleule. Mwulize mpiga ngoma yeyote: mkono unaopiga hivyo haujasema kitu, umepiga kelele tu. Neva hai haizungumzi kwa sauti moja. Watafiti walipoyafanya mapigo yapande na kushuka kwa mpangilio, kuchomachoma kukatoweka, na yule bwana akahisi kubonyezwa. Kwa mipangilio mingine alihisi kitu mfano wa pamba ikimpitia. Akaweza, macho yamefungwa, kuchomoa kikonyo cha tunda la cheri pasipo kulipasua. Na maumivu ya mkono usiokuwepo, yale yanayowanyima watu usingizi miaka baada ya kukatwa, yakatulia. Nguvu haikuongezwa. Kilichobadilika ni mdundo.

Basi tukapata kiburi kingine: kwamba ubongo, ukizoeshwa, utakubali lolote. Max Ortiz Catalan na wenzake wa Gothenburg walikipinga bila kukusudia. Wagonjwa wao watatu walifungiwa mkono wa bandia kwenye mfupa wenyewe, wakaondoka nao kwenda kazini na nyumbani. Kihisi kilikuwa kwenye kidole gumba, lakini mguso ulisikika sehemu nyingine ya mkono. Ilitarajiwa kwamba jicho, likiona gumba linagusa siku baada ya siku, lingeuvuta mguso uhamie huko. Matokeo yao ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa haukuhama. Ramani ya mkono ule wa zamani imebaki ilivyochorwa, nasi ndio tunaopaswa kuifuata.

Nimeitaja mikono tu, na mguu una deni lake. Anayetembea hujua goti na kifundo vilipo bila kuinama, kwa sababu msuli mmoja ukijikunja, mwenzake huvutika na kutoa taarifa. Ukataji wa kawaida huvunja ndoa hiyo. Hugh Herr wa MIT, ambaye mwenyewe alikatwa miguu yote miwili baada ya baridi kali mlimani mwaka 1982, alishirikiana na madaktari wa Boston kuiunganisha tena misuli hiyo wakati uleule wa kukata. Upasuaji wa kwanza ulikuwa 2016. Utafiti uliotoka 2024 uliwalinganisha wagonjwa saba waliounganishwa hivyo na saba wa ukataji wa kawaida: wa kwanza walitembea haraka zaidi kwa asilimia 41, ingawa taarifa walizorudishiwa zilikuwa takriban asilimia 18 tu ya zile za mguu mzima.

Mguu waliojaribia ni wa kompyuta, na bei yake msiniulize. Lakini kuunganisha misuli kwenyewe hakudai betri. Kunadai muda zaidi mezani, na daktari anayejua msuli upi ulikuwa ukivutana na upi. Kwetu mguu hukatwa kwa ajali ya bodaboda au kwa kisukari, na mtengeneza kiungo huitwa kidonda kikishapona. Mjini Moshi, chuo cha TATCOT kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981, katika eneo moja na hospitali ya KCMC. Ningetaka fundi huyo aitwe mapema zaidi, akae na daktari mpasuaji wakati mguu bado haujakatwa.