Kuzaliwa Hivyo au Kuchagua

Mwelekeo wa kimapenzi ni hali ya mtu kuvutiwa na watu wa jinsia nyingine, wa jinsia yake, au wa jinsia zote mbili. Kama mtu huzaliwa nao au huuchagua ni swali linalojibiwa upesi vijiweni katika mitaa ya Nairobi, kuanzia Fedha hadi Kayole. Mei 24, 2019, lilizungumziwa katika Mahakama Kuu ya Kenya, Nairobi. Majaji Roselyne Aburili, Chacha Mwita na John Mativo walikataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoharamisha ngono ya watu wa jinsia moja, ambavyo adhabu yake hufika kifungo cha miaka 14. Walisema, pamoja na sababu nyingine, kwamba hakuna uthibitisho kamili wa kisayansi kuwa watu wanaovutiwa na jinsia yao wamezaliwa hivyo.

Uganda ilikuwa imetangulia. Mwaka 2014 Rais Museveni aliwauliza wanasayansi wa nchi yake swali hilo hilo. Wakamjibu kwamba hakuna jeni moja inayoleta ushoga. Naye akaona basi ni tabia ya kujifunza, akatia saini sheria ya kuupiga vita Februari 24.

Hapo ndipo hoja inapopotoka, na kupotoka huko kumewagharimu watu uhuru wao. Urefu wa mtu pia hautokani na jeni moja, lakini hakuna anayeuchagua. Agosti 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti uliohusisha takriban watu laki tano, wengi wao wa Uingereza na Marekani. Ulionyesha jeni nyingi, kila moja ikiwa na mchango mdogo sana, na kwamba tofauti za vinasaba kwa jumla hueleza kati ya asilimia 8 na 25 ya tofauti za mwenendo wa kimapenzi baina ya watu. Hata kati ya mapacha wa yai moja, mmoja akivutiwa na jinsia yake, mara nyingi mwenzake havutiwi nayo. Mambo mengine hudhaniwa kuanzia tumboni: watafiti wa Kanada, Blanchard na Bogaert, walionyesha mwaka 1996 kwamba kadiri mwanamume anavyokuwa na kaka wakubwa wengi zaidi, ndivyo uwezekano wa kuvutiwa na wanaume unavyoongezeka kidogo. Mtu huamua atakavyotenda. Kuvutiwa kwenyewe, watu wengi husema hawakukuamua.

Tena, sheria haihitaji jeni ili kumlinda mtu. Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya inakataza ubaguzi kwa msingi wa rangi, na pia wa dini, ambayo mtu anaweza kuibadilisha. Februari 24, 2023, majaji watatu kati ya watano waliosikiliza kesi katika Mahakama ya Juu walisema neno jinsia katika ibara hiyo linajumuisha mwelekeo wa kimapenzi, na kwamba kukataa kusajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji kulikuwa ubaguzi. Hukumu hiyo haikufuta vifungu vya 162 na 165.