Karamu ya Siku Kuu na Desturi za Waayalandi



Twataka kusema nanyi habari ya karamu. Killa panapotengenezwa siku kuu kubwa, wenye kamati huulizana: Je, pombe iwepo mezani? Na wako wasemao, Mapadre waliotulea walikuwa Waayalandi, na Waayalandi ni watu wa baa. Basi chupa za bia ni haki ya sherehe yetu. Neno hili na tulitazame vema.

Ni kweli kwamba Mapadre wa Rosmini, waliofika nchi hii mwaka 1945, walitoka Ayalandi. Mmoja wao, Eugene Arthurs, aliwekwa kuwa Askofu wa kwanza wa Jimbo la Tanga mwaka 1958. Ni kweli pia kwamba kwao baa ni mahali pa heshima. Zamani baa nyingi za vijijini zilikuwa duka pia: huku chai na sukari, huku vinywaji, na mtu aliingia apate habari za mazishi na bei ya ng'ombe. Lakini karamu haikuliwa huko. Ililiwa nyumbani, nayo ilikuwa nyama ya nguruwe ya chumvi, kabichi na viazi. Waliohamia Marekani ndio walioweka nyama ya ng'ombe mahali pa nguruwe, na sasa baa za Kiayalandi katika miji mingi ya dunia hupakua chakula hicho tarehe 17 Machi, siku ya Mtakatifu Patrisi.

Tena viazi hivyo vina historia. Ugonjwa ulipoviozesha shambani tangu mwaka 1845, watu wapata milioni moja walikufa, na wengine kama hao wakavuka bahari. Watu wa namna hiyo hawaichezei sahani.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1927 sheria ya Ayalandi iliamuru baa zifungwe siku ya Mtakatifu Patrisi, na amri hiyo ilidumu hata mwaka 1960. (Husimuliwa kwamba mjini Dublin kinywaji kilipatikana katika maonyesho ya mbwa tu, na siku hiyo watu wengi walionekana kuwapenda mbwa sana!) Basi Mapadre wale wa mwaka 1945 walitoka katika nchi ambayo siku kuu yake kubwa mlango wa baa ulikuwa na kufuli. Atakayewataja ili atetee chupa zake, na alijue hilo kwanza.

Na sisi wa pwani tuna sababu nyingine iliyo karibu zaidi. Mwaka 2024, tena 2025, tena 2026, tarehe hiyo ya 17 Machi iliangukia Kwaresima yetu na Ramadhani ya jirani zetu pamoja. Nyumba mbili za ua mmoja zilikuwa zikifunga. Nasi twajua desturi ya hapa: mbuzi wa karamu huchinjwa na Mwislamu, ili wote wapate kula. Wali wa nazi hupakuliwa katika sinia moja, mchuzi wa samaki kando, na mikono hukutana. Ukiweka bia katikati, au nguruwe, mchinjaji yule hatagomba. Atasema ahsante, atapewa fungu lake katika bakuli, naye atakwenda kulila kwake. Wala hamtamsikia akilalamika, na kwa sababu hiyo kamati hudhani kwamba hakuna aliyekosekana.

Wazee wa Usambara watauliza habari ya pombe yao ya miwa. Hatuwanyimi, ina wakati wake, jioni, nyumbani kwao. Mezani petu viwepo madafu, maji ya ukwaju na chai ya tangawizi. Nao wenye kamati wasiende sokoni kwanza. Waende kwa jirani, wamwombe aje kuchinja asubuhi kabla ya Misa, na wamwonyeshe kiti atakachokalia mchana.