Bahari Yarudishiwa Mabwawa ya Chumvi

Mwaka 2003, serikali na wafadhili nchini Marekani waliilipa kampuni ya Cargill dola milioni 100 kwa ekari 16,500, nyingi zikiwa mabwawa ya chumvi ya Ghuba ya San Francisco. Tangu hapo kingo zinabomolewa: maji yakijaa huleta tope, tope huinua sakafu, majani huota na kupunguza nguvu za mawimbi. Lakini ndege mdogo, snowy plover, hutaga kwenye sakafu kavu. Ndiyo maana baadhi ya mabwawa hayafunguliwi. Mwaka 2016 wapigakura wa eneo la ghuba hiyo waliridhia kodi ya dola 12 kwa mwaka kwa kila kiwanja ili kugharamia kazi ya aina hii. Kwa maoni yangu ni fedha zinazostahili kutolewa, mradi tope lijae upesi kuliko bahari inavyopanda.