Picha ya Mti na Jua Nyuma Yake



Wanaotembelea Msitu wa Kakamega huamka alfajiri wapande Kilima cha Lirhanda kulitazama jua likichomoza. Wakishuka njiani huinua kamera kuelekea juu. Miti ya huko, mingine ikipita mita 30, hutokea kwenye picha kama umbo jeusi tupu, na mbingu nyuma yake ni nyekundu. Picha inapendeza kweli. Lakini ili mti uwe mweusi, ni lazima mwanga uwe nyuma yake, na hapo ndipo macho yako yanapoingia hatarini.

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina, ambao hupokea mwanga. Utando huu hauna neva za maumivu. Ukilikodolea jua unaungua, nawe husikii lolote. Baadaye, labda jioni hiyo au kesho yake, unashika gazeti na kuona doa katikati ya maneno, au mistari imepinda. Ugonjwa huu hauna dawa iliyothibitishwa. Wengi hupata nafuu baada ya miezi kadhaa, wengine hubaki na doa hilo maisha yao yote.

Kamera kubwa ya kuchungulia kwa jicho moja ndiyo mbaya zaidi, hasa yenye lenzi ya kuvuta mbali, kwa sababu lenzi hukusanya mwanga wa jua kama kioo cha kuwashia moto. Miwani ya jua haizuii hatari hiyo. Kioo cha simu hakikuchomi, kwani kinakuonyesha picha tu. Tatizo ni pale unapochungulia pembeni mwa simu kuhakikisha jua liko wapi.

Jua lilipopatwa Novemba 3, 2013, watu walisafiri hadi Turkana wakiwa na miwani maalumu. Jua la kila siku ni lile lile, ila hakuna anayetuonya.

Basi ufanyeje? Piga picha kabla jua halijachomoza, au likishatua. Kwetu hapa karibu na ikweta nafasi hiyo ni fupi, kama dakika 20 hivi, kwa hiyo chagua mti wako mapema. Jua likiwa limepanda, simama mahali ambapo shina linalifunika kabisa. Kwenye simu, gusa sehemu ya mbingu iliyo angavu, mbali na jua lenyewe. Mti utakuwa mweusi wenyewe.

Na tafadhali, usirudi kinyumenyume huku umeinua kichwa. Mizizi ya msituni haina huruma.

Ukiona doa au mistari iliyopinda, usijitilie dawa ya macho ya dukani. Nenda ukapimwe katika kliniki ya macho siku hiyo hiyo, na umweleze daktari kwamba ulitazama jua.