Ukishapiga Kura, Soma Fomu

Mwananchi akishapiga kura, je, kazi yake imekwisha? Uchaguzi wa Kenya wa tarehe 9 Agosti 2022 ulionyesha kwamba bado.

Katika kila kituo cha kupigia kura hujazwa Fomu 34A: kura za kila mgombea urais, kura zilizokataliwa, saini za msimamizi na za mawakala. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, na kasoro za kupeperusha matokeo zilikuwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2022, Tume ya Uchaguzi, IEBC, iliweka picha za fomu hizo kwenye tovuti ambayo yeyote angeweza kuifungua. Vituo vilikuwa zaidi ya 46,000. Mkulima wa Kitui na mchuuzi wa Kisumu waliweza kujumlisha kura wenyewe.

Uwazi huo ulikuja na mtihani wake. Vyombo vya habari vilianza kujumlisha, kila kimoja kikianza na fomu zake. Saa ile ile, runinga moja ikamwonyesha mgombea urais William Ruto akiongoza, nyingine mpinzani wake Raila Odinga. Hesabu zilikuwa hazijakamilika, basi. Lakini mitandaoni zilisambazwa kana kwamba ndiyo matokeo ya mwisho, na wengi wakaamini kuna wizi.

Kesi ya kupinga matokeo ilipofika mahakamani, fomu za tovuti zililinganishwa na zile za karatasi, na Mahakama ya Juu haikuona tofauti ya maana. Tarehe 5 Septemba ikathibitisha ushindi wa Ruto. Ubishi ule ulipata ushahidi wa kuupima, na ushahidi huo ulikuwa mikononi mwa raia pia.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukitumiwa matokeo kwenye kundi la WhatsApp, uliza: Yametoka vituo vingapi kati ya vyote? Fomu yenyewe iko wapi? Ina saini, na hesabu zake zinalingana? Ukikosa majibu, usiyasambaze. Nawe usiye na intaneti hujaachwa nje, kwani nakala ya fomu hubandikwa mlangoni mwa kituo. Isome, kisha uliza jirani mwenye simu kama ya tovutini inafanana nayo.

Wakenya wanatarajiwa kupiga kura tena Agosti 2027. Tujifunze kuisoma Fomu 34A leo, kabla kampeni hazijapamba moto.