Barua ya Onyo Niliyoichana

(Mada iliyotolewa kwenye semina ya viongozi wa vituo vya afya vya dayosisi)

Wapendwa waganga wafawidhi, makatibu na wahasibu, nimepewa mada ya utumishi na huduma kwa wateja. Nitaanza na kosa langu.

Mama mmoja alifika katika kituo chetu kimoja na mtoto mwenye homa kali. Dada wa mapokezi akamwambia bila hata kuinua macho, "Kalipie kwanza, foleni huioni?" Malalamiko yaliponifikia niliandika barua ya onyo siku hiyo hiyo. Nilidhani tatizo ni ulimi wake.

Kabla ya kuipeleka niliomba daftari la zamu. Dada huyu aliingia saa 1 asubuhi na kutoka saa 2 usiku, siku 6 kwa wiki. Hizo ni saa 78. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na za ziada zilipwe mara moja na nusu. Hakulipwa. Likizo ya siku 28 aliiona kwenye mkataba tu. Na sisi ndio tunaofundisha watoto wa kipaimara kuitakasa siku ya mapumziko!

Lakini haukuwa uchovu peke yake. Nilimwuliza kwa nini hakumpitisha yule mtoto. Akajibu, "Mratibu, akipita bila risiti nakatwa mimi." Ni kweli, alishawahi kukatwa mshahara. Agizo lilikuwa letu, lenye sahihi yangu. Hatukuwahi kumpima kwa namna anavyompokea mgonjwa. Tulimpima kwa pesa iliyopungua, naye akatazama pesa. Tulimpeleka hata semina ya lugha nzuri, akarudi kwenye dirisha lile lile na agizo lile lile.

Barua niliichana. Tumeongeza mtu wa pili mapokezi, na makato yale tumeyafuta. Mgonjwa wa dharura anapita, jina linaandikwa, deni linafuatiliwa na ofisi. Mhasibu aliguna, na ana haki: yapo madeni ambayo hayajarudi, na mfuko wa kuyabeba bado hatuna.

Baada ya chai naomba kila kituo kitoe daftari la zamu la mwezi uliopita. Tutahesabu saa pamoja, tukianza na watu wa dirishani. Walinzi wa getini pia tusiwasahau, maana mgonjwa hukutana nao kwanza.