Dawa Mbili za Kuzima Njaa Ndani ya Mwili Mmoja

Hotuba ya afisa wa uhusiano wa polisi na jamii kwa wananchi wa Mwello na majirani wa mpakani



Leo sikuja kuzungumzia wizi wala magendo. Nimekuja kuzungumzia vitu vinavyoua hamu ya kula, hasa mtu anapotumia viwili kwa pamoja.

Tuanze na ubongo. Seli zake hupelekeana habari kwa njia ya kemikali. Serotonini husaidia kuuarifu mwili kwamba umeshiba. Noradrenalini na dopamini humchangamsha mtu na kumsahaulisha chakula, na noradrenalini huupiga moyo mbio. Baadhi ya dawa za kuzima njaa huufanya ubongo umwage kemikali hizo kwa wingi, au huzizuia zisirudi ghalani mwake. Njaa hunyamaza, lakini mwili haujala.

Mwaka 1992, nchini Marekani, Daktari Michael Weintraub alichapisha utafiti kuhusu dawa mbili zilizotumiwa pamoja: fenfluramini, inayomwaga serotonini, na fentermini, inayomwaga zaidi noradrenalini. Hoja ilionekana njema. Ya kwanza huleta usingizi, ya pili huchangamsha. Basi kila moja ingefunika kasoro ya mwenziwe, na kipimo kingekuwa kidogo. Mamilioni ya watu wakazimeza. Julai 1997, madaktari wa Mayo Clinic walitangaza habari za wanawake 24 waliotumia dawa hizo na kuonekana na maradhi ya vali za moyo. Septemba mwaka huohuo fenfluramini iliondolewa sokoni. Kumbe vali za moyo nazo zina vipokezi vya serotonini. Vikiamshwa mno, vali hunenepa na kushindwa kufunga sawasawa. Dawa iliyokusudiwa kichwa ikajeruhi kifua.

Hayo yalitokea mikononi mwa madaktari, kwa dawa zenye majina na vipimo. Je, hapa kwetu, kati ya Tororo na Busia?

Mairungi, ambayo ng'ambo ya Kenya huitwa miraa, ina kathinoni, nayo humwaga dopamini na noradrenalini. Dereva aliye kwenye foleni ya Malaba huitafuna ili akeshe, na njaa haisikii. Kwa upande mwingine, vidonge na chai za kupunguza unene zinazouzwa kama dawa za mitishamba zimekutwa katika nchi nyingi zikiwa zimetiwa sibutramini kwa siri. Dawa hiyo huzuia serotonini na noradrenalini zisirudi ghalani. Iliondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Anayetafuna mairungi na kumeza kidonge cha namna hiyo amewafungia fahali wawili katika zizi moja: mmoja anamwaga, mwingine anaziba njia ya kurudi. Shinikizo la damu hupanda, na moyo ndio unaolipa. Na anayetumia dawa za sonona, akiongeza kidonge hicho, aweza kupatwa na joto kali, kutetemeka na kuchanganyikiwa.

Kumbukeni pia kwamba mpaka hubadilisha sheria, haubadilishi mwili. Kenya, miraa ni zao halali la biashara. Uganda, sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 imeiweka miongoni mwa mimea inayodhibitiwa. Moyo hausomi sheria ya upande wowote.

Basi nawaomba mambo matatu. Kwanza, msinunue kidonge kisicho na jina, kiwanda wala tarehe. Mkikiona kinauzwa, tujulisheni, au ijulisheni Mamlaka ya Taifa ya Dawa upande wa Uganda na Bodi ya Famasia na Sumu upande wa Kenya. Pili, mwambieni mganga wa kituo cha afya kila mnachomeza na kutafuna. Kuficha kunamfunga mikono. Tatu, mtu akishikwa na maumivu ya kifua, pumzi fupi au kuchanganyikiwa, mpelekeni upesi Hospitali ya Tororo au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia, ipi iliyo karibu, na mchukue pakiti aliyotumia. Msikae nyumbani kwa kuogopa polisi. Pakiti hiyo itamwonyesha daktari pa kuanzia.

 Maswali yenu nayapokea.